Neno Refu Hukatwa kama Muwa

Watoto wapenzi, nani kati yenu hajala muwa? Mtoto akipewa muwa mrefu kuliko yeye mwenyewe, haogopi wala halii. Anajua la kufanya. Anatafuta fundo, anakata. Anatafuta fundo la pili, anakata tena. Kisha anatafuna kipande kimoja kimoja, na utamu wote unakuwa wake. Lakini asiye na akili anauma muwa mzima katikati. Meno yanamwuma, na utamu haupati.

Ndivyo yalivyo maneno marefu ya Kifaransa, na hasa vitenzi. Mtoto anasimama mbele ya darasa, kitabu mkononi. Anasoma vizuri: «Demain, nous...» Ghafula anakuta «reconstruirons». Anasimama. Jasho linamtoka. Anasema mwanzo wa neno, anameza katikati, anatupa mwisho. Wenzake wanacheka, naye anaketi na haya.

Asione haya, wala wenzake wasicheke. Hakukosa akili, alikosa kisu tu. Leo tutatafuta kisu hicho, na tutajifunza mahali pa kukata.

1. BARUA YA NYANYA

Kwanza sikilizeni mfano huu, ili mjue kwa nini jambo hili si mchezo.

Tuseme nyanya mmoja mjini Goma aliwakopesha wachuuzi fulani fedha zake. Siku moja barua ikafika, imeandikwa kwa Kifaransa. Nyanya hajui lugha hiyo. Akamwita mjukuu wake wa mwaka wa tano: «Njoo, mjukuu wangu, unisomee.»

«Ndiyo, nyanya,» mtoto akajibu. Akafungua barua. Ndani yake mlikuwa na maneno haya: «Nous vous rendrions l'argent en juin, si la vente était bonne.» Mtoto akasoma mbio: «Nous vous rendrons l'argent en juin.» Maneno ya mwisho akayapita kama mtu anayepita mvua. Akamwambia nyanya yake: «Watakurudishia fedha mwezi wa sita.»

Nyanya akafurahi. Akaenda dukani, akachukua mabati ya nyumba kwa deni, akaahidi kulipa mwezi wa sita. Mwezi wa sita ukafika, fedha hazikufika. Mwenye duka akaja kudai.

Je, wachuuzi walidanganya? Hapana. Hawakuandika «rendrons», yaani tutarudisha. Waliandika «rendrions», yaani tungerudisha, kama biashara ingekuwa njema. Tofauti ni herufi moja tu, ile «i» ndogo. Mtoto alimeza «i», na nyanya akapata deni.

2. SISI TUMEZOEA MANENO MAREFU

Labda mtasema: «Kifaransa ni kigumu, vitenzi vyake ni virefu mno.» Basi tupime. Piga kofi moja kwa kila kipande cha neno:

tu-ta-ku-ru-di-shi-a.

Umepiga makofi mangapi? Saba. Sasa piga kwa neno la Kifaransa lenye maana karibu na hilo:

ren-drons.

Makofi mawili tu! Kweli, Kifaransa kimeweka «nous» na «vous» mbali, peke yao. Hata ukiyaongeza, «nous vous rendrons», makofi ni manne. Nani basi mwenye maneno marefu? Mtoto wa miaka minne nyumbani kwetu anasema «tungekurudishia» bila shida. Ulimi uliozoea kazi hiyo hauwezi kushindwa na «rendrions».

Kipande kimoja cha neno, kile unachopigia kofi moja, kinaitwa silabi. Katika Kiswahili silabi ni rahisi kuona, kwa sababu karibu kila silabi inaishia kwa vokali: a, e, i, o, u. Tena kila herufi iliyoandikwa ina kazi kinywani. Kifaransa kina desturi nyingine, na lazima tuijue.

Tazameni jambo kubwa la somo hili. Katika Kiswahili, mtendaji na wakati vinakaa mbele ya kitenzi. Ukisikia «tu-ta-» unajua tayari: ni sisi, na ni kesho. Ukisikia «tu-nge-» unajua: ni sisi, lakini kuna «kama». Katika Kifaransa, wakati unakaa nyuma, mkiani. Ukisikia «ren-» peke yake, hujui lolote. Lazima ungoje mwisho: «-drons» au «-dri-ons».

Sisi tumezoea kusikiliza mbele. Kwa hiyo tukisoma Kifaransa tunatamka mbele kwa nguvu na kuulegeza mwisho. Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Anayemeza mkia wa kitenzi cha Kifaransa ni kama anayesema kwa Kiswahili «...kurudishia», bila kusema nani wala lini.

3. MAHALI PA KUKATA

Sasa tuchukue kisu. Zishikeni kanuni hizi sita.

Kanuni ya kwanza. Kila silabi ina sauti moja ya vokali. Nasema sauti, sisemi herufi. Katika Kifaransa herufi mbili au tatu huungana na kutoa sauti moja. «Ou» ni u yetu. «Au» na «eau» ni o yetu. «Ai» mara nyingi ni e yetu. «Oi» husomwa kama wa. Basi «nous trouvons» hukatwa trou-vons, makofi mawili, si matatu.

Kanuni ya pili. Konsonanti moja ikiwa kati ya vokali mbili, huenda na vokali inayofuata. Nous ré-ci-tons. Vous de-man-dez. Hii ni kama Kiswahili chetu, haina shida.

Kanuni ya tatu. Konsonanti mbili zikifuatana, kata katikati yake. Nous par-lons. Nous por-tons. Nous res-tons.

Kanuni ya nne. Konsonanti ya pili ikiwa l au r, mara nyingi hazitengani, bali huenda pamoja. Nous cé-lé-brons. Nous ou-bli-ons. Nous mon-trons. Lakini «rl», kama katika «par-lons», hukatwa, na vilevile «ll» na «rr». Tena «ch», «gn», «ph» na «th» ni kama herufi moja, hazikatwi kamwe: nous cher-chons, nous ga-gnons. Konsonanti zikiwa nyingi, tafuteni kwanza kundi la l au r, kisha kateni mbele ya kundi hilo: nous ren-con-trons, nous cons-trui-sons.

Hapa watoto wengi huingiza vokali zao. Husema «konisituruizon», kwa kuwa Kiswahili hakipendi konsonanti nyingi pamoja. Ndiyo maana neno la Kiingereza «club» lilipofika kwetu likawa «kilabu». Lakini mbona kanisani tunasema «Kristu», na «sakramenti»? Aliyeweza «Kri» na «kra» anaweza pia «trui» na «bro». Semeni kwanza «Kristu» polepole mara tatu, kisha semeni «nous croyons». Ulimi utafuata njia ileile.

Kanuni ya tano. Konsonanti moja ikiandikwa mara mbili, kwa maandishi hukatwa katikati, lakini kwa kawaida kinywani husikika moja tu. Huandikwa ap-pe-lons, husikika a-pe-lons. Jihadharini na «s». Ikiwa moja kati ya vokali mbili, mara nyingi ni z: nous li-sons husomwa na z. Zikiwa mbili, ni s kweli: nous fi-nis-sons.

Kanuni ya sita ni juu ya «e» isiyo na alama juu yake. Mwisho wa neno kwa kawaida haisikiki. Baada ya vokali nayo hainaye sauti: nous joue-rons ni makofi mawili, nous é-tu-die-rons ni makofi manne. Katikati ya neno, kama katika de-man-de-rons, wenye Kifaransa wakisema upesi huiangusha. Ninyi mnapojifunza msiiangushe. Itamkeni kwa wepesi. Lakini mbele ya «-rions» na «-riez» hata wao hawaiangushi: nous de-man-de-rions. Hapo «e» ni kama jiwe la kukanyagia mtoni. Ukiliondoa, mguu unateleza.

4. MIKIA ISIYOSEMWA

Someni maneno haya matatu: je chante, tu chantes, ils chantent. Yameandikwa kwa namna tatu. Yanasikika namna moja tu! «S» haisemwi, na «ent» haisemwi. Silabi ni moja: kofi moja, basi.

Je, kwa nini waandike wasiyoyasema? Jibu liko katika Kilatini, ambacho ndicho mama wa Kifaransa. Warumi walisema «cantas», yaani unaimba, na «s» ilisikika. Walisema «cantant», yaani wanaimba, na «t» ilisikika. Karne nyingi zikapita. Vinywa vya watu vikaacha sauti hizo, lakini mikono ya waandishi haikuziacha. Basi «chantes» na «chantent» zinabeba herufi hizo kama udongo mkavu unavyobeba alama za miguu ya mtu aliyekwisha kupita.

Alama hizo si bure. Sikio halizioni, lakini jicho linaziona na kujua: hawa ni wengi. Kwa hiyo katika kusoma tunaziacha. Katika kuandika hatuziachi.

Jueni hata hivi: «ent» hunyamaza katika vitenzi vya «ils» na «elles». Katika majina haiwi hivyo. «Le moment» na «l'argent» husikika mwishoni kwa sauti ya puani. Na «-aient», kama katika ils chan-taient, ni e iliyo wazi tu. Herufi tano, sauti moja.

Nayo «-ons», inasikikaje? Watoto wengi husema «chantoni» au «chantong». Si hivyo. Fungua kinywa kama unataka kusema o, kisha pitisha sauti puani. Ulimi usiguse juu. Midomo isifungane. Ukitaka kujijaribu, bana pua yako kwa vidole viwili huku ukisema «-ons». Sauti ikibadilika, vizuri. Pumzi ilikuwa inapita puani. Isipobadilika, ulikuwa unasema o tupu.

Jambo moja zaidi. Kiswahili kinakaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tu-ta-ru-DI-sha. Kifaransa kinakaza mwishoni kabisa: ren-DRONS, de-man-de-RONS. Mkikaza mwisho, hamtaumeza.

5. CHUKUDU NNE ZA WAKATI

Sisi watu wa Goma tunaijua chukudu, ile gari ya mbao ya magurudumu mawili inayobeba viazi, makaa na mabao. Tuitumie kujifunza. Kusukuma ni «pousser».

Nous pous-sons: tunasukuma.
Nous pous-sions: tulikuwa tukisukuma.
Nous pous-se-rons: tutasukuma.
Nous pous-se-rions: tungesukuma.

Mwanzo wa neno haukubadilika. Mkia tu ndio uliobadilika: -ons, -ions, -rons, -rions. Mkia wa kwanza ni leo. Wa pili ni zamani. Wa tatu ni kesho. Wa nne una «kama» ndani yake. Shikeni hivi: «i» peke yake ni zamani; «r» peke yake ni kesho; «r» na «i» pamoja ni nge yetu. Kwa «vous» ni vilevile: -ez, -iez, -rez, -riez.

Lakini angalieni! «R» hiyo isiwe ya shina la neno. «Nous tirons» ni tunavuta, leo, kwa sababu r ni ya «tirer» yenyewe. Tutavuta ni nous ti-re-rons, yenye r mbili.

Mkia wa kesho umetoka wapi? Andikeni kitenzi «avoir» ubaoni: j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont. Sasa andikeni «chanter» ya wakati ujao: je chanterai, tu chanteras, il chantera, nous chanterons, vous chanterez, ils chanteront. Mmeona? Mkia ni «avoir»! Zamani watu walisema kwa Kilatini «cantare habeo», maana yake, kama kwa maneno yetu, nina la kuimba. Maneno mawili yakashikana, yakawa moja.

Msicheke, hata sisi tumefanya hivyo. «-Ta-» ya «nitaimba» imetoka katika kitenzi «taka». Ushahidi bado upo: tunasema «atakayekuja», na «taka» inaonekana nzima. Mfaransa alitengeneza kesho kwa kuwa na. Mswahili aliitengeneza kwa kutaka. Naye mtoto anayejua «avoir» vizuri amekwisha kujua mikia sita ya wakati ujao bila kuongeza kazi.

6. ILE «I» NDOGO

Turudi kwenye «i» iliyomletea nyanya deni. Inasikikaje?

Mara nyingi inaungana na «ons» na kusikika kama y yetu: nous pous-sions, kama «pu-syo», kwa pua. Ni kofi moja tu kwa «-sions». Lakini mbele yake kukiwa na konsonanti yenye l au r baada yake, kama «dr», «tr», «vr» au «bl», kinywa hakiwezi kupita. Hapo «i» inapata silabi yake yenyewe. Nous ren-drons, makofi mawili. Nous ren-dri-ons, makofi matatu. Yule mjukuu angepiga makofi kwanza, asingekosea.

Vivyo hivyo nous vou-dri-ons, yaani tungependa. Neno hili ni la adabu. Mkiingia nyumba ya watu na kuomba maji kwa Kifaransa, semeni «nous voudrions». Mkimeza «i» na kusema «nous voudrons», adabu imebaki mlangoni.

Katika maneno mengine «i» hii karibu haisikiki. «Nous payons» na «nous payions», «nous travaillons» na «nous travaillions»: sikio linapata shida hata kwa wenye lugha. Hapo jicho lisaidie sikio. Tazameni herufi kabla ya kufumbua kinywa.

Na kuna jambo la l na r. Katika lugha za nyumbani za wengi wetu, sauti hizi mbili hubadilishana bila kuharibu maana. Kifaransa hakikubali. «Nous lirons» ni tutasoma. «Nous rirons» ni tutacheka. Mwalimu akiuliza mtafanya nini kesho shuleni, ni heri mjue mnajibu lipi! Kwa «l», ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu na ikae. Kwa «r», Wafaransa wengi huitoa kooni. Mkiitikisa kwa ncha ya ulimi, mtaeleweka bila shida.

7. JENGA NENO KUTOKA NYUMA

Nitawapa sasa njia ya kujizoeza. Tulisema kwamba mkia ndio wenye habari. Basi anzeni na mkia. Tuchukue lile neno lililomtoa mtoto jasho, «reconstruirons».

rons
trui-rons
cons-trui-rons
re-cons-trui-rons

Kila mara mnaongeza silabi moja mbele, na kila mara mnamaliza kwa kile mlichokwisha kukizoea. Anayeanza mbele anaelekea kusikojulikana, na pumzi inamwishia njiani. Anayejenga kutoka nyuma anarudi nyumbani kila safari, tena kwa nguvu. Fanyeni mara tano polepole, kisha mara mbili kwa mwendo wa kawaida, kisha semeni sentensi nzima: «Nous reconstruirons la maison.»

Neno hili si geni kwa mji wetu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliingia Goma, ukapita katikati ya mji, ukateketeza nyumba na maduka. Watu wengi walikimbia. Wengi wakarudi. Wakajenga juu ya jiwe lilelile lililokuwa moto, na kuta nyingi za mji zimejengwa kwa mawe ya mlima huo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena, ukaharibu nyumba nyingi upande wa kaskazini. Waliobaki bila nyumba hawakuhitaji neno «nous reconstruirions», tungejenga tena, kama... Walihitaji neno lenye mkia ulionyoka: «nous reconstruirons», tutajenga tena.

8. KWA NINI TUJITAABISHE

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inasema kwamba Kifaransa ni lugha ya kazi za serikali, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kiswahili ni chetu, hatukionei haya. Lakini karatasi nyingi zinazobadili maisha ya watu huandikwa kwa Kifaransa: karatasi ya kiwanja, karatasi ya hospitali, karatasi ya deni, barua ya hakimu. Katika nyumba nyingi mtu pekee awezaye kuzisoma ni mtoto wa shule. Mtoto huyo ni mdogo kwa miaka, lakini siku hiyo yeye ni macho ya nyumba nzima. Macho yakikosea, miguu yote inaanguka.

Kwa hiyo ukiombwa kusoma barua, usikimbie ili usifiwe. Soma kwanza kimya. Kata vitenzi. Tazama mikia. Usipoelewa neno, sema: «Nyanya, neno hili silijui vema, nitamwuliza mwalimu.» Kusema hivyo si aibu. Aibu ni kusema jambo usilolijua kana kwamba unalijua.

Na tukimaliza, tukumbuke kitenzi kimoja tunachokisema kila siku. Katika sala ya Baba Yetu kwa Kifaransa, tunapofika mahali pa kusamehe, tunasema «pardonnons». Kikateni: par-don-nons. Mkia ni -ons, mkia wa leo. Hatusemi «pardonnions», kwamba zamani tulikuwa tukisamehe. Hatusemi «pardonnerons», kwamba tutasamehe siku moja. Wala hatusemi «pardonnerions», kwamba tungesamehe, kama mwenzetu angekuja kwanza kupiga magoti. Tunasema: tunasamehe.

Mungu hamshiki mtu kwa kosa la ulimi, anautazama moyo. Lakini mtoto anayejua kukata neno hilo anajua pia alichoahidi. Aliyemcheka mwenzake darasani leo, na yule aliyechekwa, wakilisema pamoja jioni, wanalisema kwa mkia wa leo.

MAZOEZI

1. Kata maneno haya kwa silabi, ukipiga makofi: nous portons, nous cherchions, vous célébrez, ils ramassaient, nous rencontrerons, nous voudrions.

2. Sema kwa Kiswahili: nous lisons, nous lisions, nous lirons, nous lirions.

3. Jenga kutoka nyuma: vous demanderiez.

4. Jibu: Mjukuu wa nyanya alikosea herufi gani? Angefanya nini ili asikosee?

MAJIBU

1. por-tons (2), cher-chions (2), cé-lé-brez (3), ra-mas-saient (3), ren-con-tre-rons (4), vou-dri-ons (3).

2. Tunasoma, tulikuwa tukisoma, tutasoma, tungesoma.

3. riez, de-riez, man-de-riez, de-man-de-riez.

4. Alimeza «i» ya «rendrions». Angesoma kwanza kimya, akate neno kwa silabi, atazame mkia wake, na asome barua mpaka mwisho.